Joto, Lehemu na Usafi: Kwa Nini Vifaa Tunavyounda Nyumbani Havidumu

Kijana wa Mbagala anayenunua bodi ndogo ya Arduino au kihisi cha joto kule Kariakoo hukutana na mtihani wa kwanza kabla hajaandika mstari wowote wa programu. Ndani ya kifuko mna bodi, na kando yake mna safu ya pini ambazo kiwandani hazikuchomelewa. Asipoziunganisha, bodi haina kazi. Akiziunganisha vibaya, itafanya kazi leo, kesho itagoma, keshokutwa itawaka akiigonga kidogo, na mwishowe ataamini kuwa programu yake ina kasoro au kwamba elektroniki haikuumbiwa watu kama yeye.

Vijana wa namna hii wameongezeka sana Kinondoni na Temeke. Wapo wanaounda taa za sola, vikuza sauti, kengele za kuzuia wizi, mashine za kuangulia vifaranga na mifumo ya kumwagilia bustani. Vingi vya vifaa hivyo hufa mapema. Ukivifungua, mara nyingi hukuti kipuri kilichoungua. Unakuta kiungo kilichoachia.

Ukiuliza sababu, jibu la haraka ni vifaa duni: laiti tungekuwa na mashine za Wajapani! Nimeutazama ufundi huu kwa muda mrefu, na naona jibu hilo lina ukweli mdogo kuliko tunavyodhani. Kiungo imara hutegemea mambo matatu: joto unaloweza kulitawala, lehemu ya kweli, na shaba iliyo safi. Yote matatu yako ndani ya uwezo wa mtu wa kipato cha kawaida Dar es Salaam. Tatizo ni kwamba fedha yetu na muda wetu huenda kwingine.

Meza tatu za jiji moja

Ufundi huu si mgeni hapa. Matangazo ya redio yalianza Dar es Salaam mwaka 1951, na redio zilipoanza kunyamaza wakatokea watu wa kuzifungua. Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973, Bara ikasubiri mpaka 1994, na fundi redio wa Magomeni au Tandika akalazimika kujifunza kifaa kipya ukubwani. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, ving'amuzi vikajaa mezani. Simu za mkononi nazo zikamletea fundi bloa ya hewa moto na vipuri vidogo kama punje za mchele.

Leo kuna meza za aina tatu. Ya kwanza ni ya fundi wa kibanda, kuanzia Mwananyamala na Manzese hadi Tandika na Mbagala Rangi Tatu. Huyu ameurithi ufundi kwa kukaa kando ya fundi mwingine. Ya pili ni ya chuoni: VETA Chang'ombe ndani ya Temeke, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam katikati ya jiji, na ndaki ya teknolojia ya habari na mawasiliano ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Kijitonyama. Ya tatu ni ya nyumbani, katika chumba na sebule, ambako mwanafunzi au mfanyakazi hujifunza usiku kwa kutazama video.

Meza hizi hazikutani vya kutosha. Fundi wa kibanda ana mkono mwepesi lakini hufanya mambo ambayo hajawahi kuelezwa madhara yake. Mwanachuo anajua kanuni ila hajaunganisha viungo vingi vya kutosha kuzoeza mkono. Wa nyumbani ana hamu kuliko wote, na hana wa kumsahihisha.

Kinachotokea ndani ya kiungo

Wengi huichukulia lehemu kama gundi ya chuma. Gundi hushika juu juu. Lehemu iliyoyeyuka inapogusa shaba safi, bati lililomo huungana na shaba yenyewe na kujenga tabaka jipya lenye unene wa mikroni chache tu. Tabaka hilo ndilo kiungo. Lisipojengeka, ulichonacho ni tone la chuma lililokaa juu ya bodi likisubiri mtikisiko.

Tabaka hilo halijengeki penye kutu. Shaba na miguu ya vipuri hushika kutu hata ikiwa imekaa tu, na hewa ya pwani yenye unyevu na chumvi huongeza kasi. Kipuri kilichokaa wazi dukani kwa muda mrefu, au kilichong'olewa kwenye redio ya zamani, huwa na ngozi nyembamba ya kutu isiyoonekana kwa macho. Hapo ndipo flaksi inapohitajika. Flaksi ya elektroniki hutokana zaidi na utomvu wa msonobari uliokaushwa. Ikipashwa joto hula ile kutu, huifunika shaba isishike kutu mpya, na kuiachia lehemu nafasi ya kutambaa.

Joto nalo lina mipaka. Bati peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi, risasi peke yake kwenye nyuzi 327. Lakini ukichanganya sehemu 63 za bati na 37 za risasi, mchanganyiko huyeyuka kwenye nyuzi 183, chini ya vyote viwili, tena huyeyuka na kuganda ghafla bila kupitia hali ya uji. Mchanganyiko wa 60 kwa 40 hukaa kama uji kati ya nyuzi 183 na 190 hivi, na kipuri kikitikisika katika nafasi hiyo kiungo huganda kikiwa na nyufa. Ndiyo maana anayeanza nampa ushauri mmoja: tafuta iliyoandikwa 63/37.

Chuma cha kulehemu na ncha yake

Madukani Kariakoo vyuma vya kulehemu viko vya namna nne. Kuna vya bei ya chini visivyo na kidhibiti, vya wati 30, 40 au 60. Kuna vyenye kitufe cha kuzungusha kwenye mpini, vya wati 60 hadi 80. Kuna vituo vya mezani, vingi vikiwa vimeiga muundo wa Hakko 936 wa Japani, kama vile vya Yihua. Na kuna vidogo vya kisasa kama TS100 na Pinecil, ambavyo hutumia umeme wa volti chache na hupata moto chini ya nusu dakika.

Kosa la kwanza la mnunuzi ni kusoma wati kana kwamba ni nyuzi za joto. Wati hueleza kasi ya chuma kurudisha joto kinapolipoteza. Chuma cha wati 30 kisicho na kidhibiti kinaweza kupata moto wa kutosha kikiwa kwenye kishikio chake, kisha kikapoa mara tu kinapogusa shaba pana au waya mnene wa betri. Fundi hukaza mkono na kusubiri, sekunde kumi, kumi na tano. Flaksi inaungua, plastiki ya kipuri inalainika, na shaba inabanduka kwenye bodi. Chuma cha wati 60 chenye kidhibiti kilichowekwa nyuzi 330 hufanya kazi hiyohiyo kwa sekunde mbili au tatu. Joto la kutosha kwa muda mfupi huumiza kipuri kidogo kuliko joto hafifu kwa muda mrefu. Anayeanza huona ajabu akisikia hivyo, kwa sababu silika humwambia aogope moto.

Kwa hiyo mwenye fedha kidogo anunue chenye kitufe cha kudhibiti joto, hata kama ni cha bei ya chini. Kituo cha mezani ni kizuri zaidi, lakini hatua kubwa ni ile ya kutoka chuma kisichotawalika kwenda kinachotawalika. Hatua inayofuata ni ndogo.

Kosa la pili ni ncha. Vyuma vingi huuzwa vikiwa na ncha iliyochongoka kama sindano, na mnunuzi hufurahi akidhani ndiyo ya kazi ndogo. Ncha iliyochongoka hugusa kiungo mahali padogo mno na kupitisha joto kidogo. Ncha bapa kama patasi, yenye upana wa milimita mbili na nusu hivi, hufaa kwa kazi karibu zote za anayejifunza. Ncha yenye umbo la kisu hufaa kwa chipu zenye miguu mingi. Kubadilisha ncha hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya chuma kipya.

Ncha za kisasa zina moyo wa shaba uliovikwa ganda la chuma. Lehemu hula shaba. Ganda hilo ndilo linaloikinga. Nimeona vijana wakisugua ncha kwa tupa au msasa ili ing'ae. Ganda likishatoboka, ncha huliwa mashimo kwa siku chache. Tupa iliwafaa mafundi wa zamani kwa sababu ncha zao zilikuwa shaba tupu. Njia ya leo ni kufuta ncha kwenye sponji yenye unyevu kidogo au kwenye nyuzi laini za shaba ya njano, kuivika lehemu mbichi mara moja, na kuiacha na tone hilo kila unapoizima. Ncha iliyogeuka nyeusi haipokei lehemu na haipitishi joto, hata chuma kiwe cha bei gani.

Umeme wetu na meza zetu

Vitabu vingi vya ufundi huu vimeandikwa penye umeme usioyumba. Umeme wa TANESCO ni wa volti 230, ila mwisho wa laini ndefu penye wapangaji wengi, jioni volti hushuka. Chuma kisicho na kidhibiti hufuata volti kwa ukali: nguvu yake hupanda na kushuka kwa kipeo cha pili. Chuma cha wati 60 kikipewa volti 200 hutoa wati 45 tu, na kikipewa 250 hutoa karibu 71. Fundi anayelalamika kwamba chuma chake asubuhi kinachoma na usiku hakiyeyushi anaeleza kanuni halisi ya umeme. Kidhibiti hupunguza tatizo hilo kwa kiasi kikubwa, na hii ni sababu nyingine ya kukitanguliza.

Wapo mafundi waliobuni tiba ya gharama ndogo. Wengine hupitisha chuma kwenye swichi ya kupunguzia kasi ya pangaboi. Wengine huweka dayodi moja aina ya 1N4007 kwenye njia ya umeme, ikakata nusu ya wimbi na kupunguza nguvu hadi nusu, kisha huweka swichi ya kuiruka wanapotaka nguvu yote. Ni ubunifu sahihi kisayansi. Uwekwe tu ndani ya kisanduku kilichofungwa, kwa kuwa waya ulio wazi wa volti 230 hausamehe.

Umeme unapokatika, vile vyuma vidogo vya volti chache huonyesha thamani yake. TS100 hutoa wati 17 ikipewa volti 12 kutoka betri ya bodaboda au ya sola, wati 40 ikipewa volti 19 za chaja ya kompyuta mpakato, na wati 65 kwa volti 24. Chaja za kompyuta zilizotumika zimejaa mitaani. Mwenye chaja ya namna hiyo ana nusu ya kituo cha kulehemu tayari.

Hatari kubwa huja umeme unaporudi. Fundi anaacha chuma kwenye soketi, umeme unakatika, anakwenda kulala, na saa nane usiku umeme unarudi chuma kikiwa juu ya karatasi au godoro. Umeme ukikatika, jambo la kwanza ni kuchomoa plagi. Chuma kiwe na kishikio kizito cha chuma, na meza isiwe karibu na pazia.

Kuna pia suala la waya wa ardhini. Nyumba nyingi za kupangisha zina soketi za matundu matatu, lakini tundu la ardhini halikuunganishwa popote. Chuma kisicho na ardhi kinaweza kubeba kwenye ncha yake volti za kuvuja ambazo hazimdhuru mtu, ila huua transista nyeti kimyakimya. Anayefanya kazi kwenye chipu nyeti achomoe chuma kwa zile sekunde chache za kugusa, au atumie chuma cha volti chache kinachotumia betri.

Gharama ya umeme isimtishe mtu. Chuma cha wati 60 hutumia uniti moja ya LUKU kwa zaidi ya saa 16.

Lehemu: palipo na udanganyifu zaidi

Karibu nusu ya bati safi linalozalishwa duniani huishia kwenye lehemu. Bati lenyewe liko jirani nasi. Kyerwa mkoani Kagera huchimbwa madini ya bati, na ng'ambo ya maziwa, mgodi wa Bisie katika eneo la Walikale, Kivu Kaskazini, ni miongoni mwa migodi yenye mawe tajiri zaidi ya bati duniani. Machi 2025, vita vilipousogelea, mgodi huo ulisimamisha kazi kwa muda na bei ya bati ikapanda katika masoko ya kimataifa. Bei ya bati huwa zaidi ya mara kumi ya bei ya risasi. Hapo ndipo kishawishi kinapoanzia: anayetaka faida ya haramu hupunguza bati, huongeza risasi, na karatasi ya nje huendelea kusoma 63/37.

Kuitambua lehemu ya kweli hakuhitaji maabara. Yeyusha tone kwenye kipande cha bodi, ondoa chuma, tazama linavyoganda. La kweli hubadilika kwa ghafla na kubaki na uso laini unaong'aa. La uongo hupita kwenye hali ya uji, huganda polepole na kubaki na chembechembe za kijivu. Pima pia waya wenyewe: katikati yake panapaswa kuwa na mshipa wa flaksi. Ukiyeyusha bila kuona ufukizo wowote, waya huo hauna flaksi, na utahangaika nao bure. Kwa kazi za kawaida, waya wa unene wa milimita 0.8 au chini kidogo unatosha.

Lehemu isiyo na risasi nayo imetufikia kwa njia ya mlango wa nyuma. Umoja wa Ulaya ulizuia risasi katika vifaa vingi vya elektroniki kuanzia tarehe 1 Julai 2006, na viwanda vya Asia vikafuata ili kulinda soko lao. Kwa hiyo bodi nyingi tunazozing'oa vipuri leo zimeunganishwa kwa mchanganyiko wa bati, fedha na shaba unaoyeyuka kati ya nyuzi 217 na 220, au wa bati na shaba unaoyeyuka kwenye nyuzi 227. Kijana anapotumia chuma cha wati 30 kuking'oa kipuri cha king'amuzi akashindwa, hudhani mkono wake mbovu. Dawa yake ni rahisi: ongeza flaksi, kisha yeyusha lehemu yako ya 63/37 juu ya ile ya kiwandani. Zikichanganyika, joto la kuyeyukia hushuka na kipuri hutoka bila kulazimishwa.

Tahadhari moja ni lehemu yenye bismathi, inayoyeyuka kwenye nyuzi 138 na kupendwa na mafundi simu. Ikichanganyika na risasi inaweza kuzaa mchanganyiko unaoyeyuka kwenye nyuzi 96 hivi. Kiungo cha namna hiyo ndani ya kikuza sauti kinachochemka huachia kikiwa kazini. Futa moja kabla ya kuweka nyingine.

Kuhusu flaksi, onyo langu ni kali zaidi. Mafundi bati wanaounda vibatari na makarai hutumia asidi kusafisha mabati kabla ya kuyaunga, na kwa kazi yao ni sahihi. Asidi hiyo ikiingia kwenye bodi ya elektroniki huendelea kula shaba baada ya kazi kwisha, na kwa unyevu wa Dar es Salaam haichukui muda mrefu kukata njia ya umeme. Flaksi ya bodi iwe ya utomvu au ile ya mafundi simu isiyohitaji kuoshwa. Kikopo kimoja kidogo hudumu miezi, na hakuna matumizi ya fedha yenye faida kubwa kuliko hayo kwa anayeanza.

Kazi ya mkono

Mchagua jembe si mkulima. Ukishakuwa na chuma kinachotawalika, ncha bapa, lehemu ya kweli na flaksi, kilichobaki ni mkono.

Safisha kwanza. Shaba ya bodi isuguliwe kidogo kwa kifutio cha penseli, mguu wa kipuri ukwanguliwe kwa kisu ukionekana mweusi. Futa ncha, ivike lehemu kidogo. Kisha igusishe kwenye shaba na mguu wa kipuri kwa pamoja, hesabu sekunde moja, na lete waya wa lehemu upande wa pili wa kiungo, mbali na ncha. Kiungo kikiwa na joto la kutosha kitaivuta lehemu chenyewe. Ondoa waya kwanza, chuma baadaye, na usitikise mpaka igande. Joto la nyuzi 320 hadi 350 hutosha kwa lehemu yenye risasi. Isiyo na risasi huhitaji 350 hadi 380.

Kosa linalotawala mitaani ni kuyeyusha lehemu juu ya ncha na kwenda kuipaka kwenye kiungo. Njiani flaksi yote imekwisha kuungua, na kinachofika ni chuma kikavu. Hupata umbo la mpira uliokaa juu ya shaba. Kiungo kizuri huinama kwa mteremko laini kutoka kwenye mguu hadi ukingoni mwa shaba. Lehemu yenye risasi ikiwa na uso wa vumbi, ujue ilitikiswa au haikupata joto. Isiyo na risasi huwa na uso uliofifia kwa asili yake, kwa hiyo tazama mteremko, usitazame mng'ao.

Pangaboi nalo huharibu kazi. Upepo wake hupoza ncha, na hupeperusha moshi usoni. Zima pangaboi unapounganisha, fungua dirisha, na weka feni ndogo pembeni inayovuta moshi kuelekea nje.

Vipuri vya kubandika juu ya bodi huwatisha wengi bila sababu. Rezista ya ukubwa wa 0805 ina urefu wa milimita 2 na inafanyika vizuri kwa chuma cha kawaida: weka lehemu upande mmoja wa nafasi yake, shika rezista kwa kibano, yeyusha lehemu na uisukume mahali pake, kisha unganisha upande wa pili. Kwa chipu yenye miguu mingi, paka flaksi ya kutosha na uburute ncha yenye lehemu kidogo juu ya miguu yote. Lehemu ikiunganisha miguu miwili, ongeza flaksi badala ya kukwangua. Kinachohitajika hapo ni lenzi ya kukuzia na mwanga mweupe.

Kung'oa ni nusu ya ufundi, hasa kwetu tunaotegemea vipuri vya vifaa vilivyokufa. Pampu ya kunyonya lehemu hufaa kwa miguu iliyopita kwenye tundu. Utepe wa shaba uliosukwa hufaa kusafisha shaba bapa, mradi uupake flaksi kwanza. Bodi za ving'amuzi na redio mbovu ndizo shule bora. Anayeng'oa vipuri hamsini kutoka bodi iliyokufa na kuvirudisha vyote atakuwa amepata mkono ambao hakuna video inayoweza kumpa.

Betri za lithiamu zilizotolewa kwenye kompyuta mpakato zisichomelewe moja kwa moja. Joto la chuma huharibu vitenganishi vya ndani, na betri inaweza kuwaka baadaye. Zitumiwe zenye vipande vya nikeli vilivyokwisha kubandikwa, na lehemu iwekwe kwenye vipande hivyo.

Mwili wa fundi na watoto wa nyumba

Moshi unaoonekana si wa risasi. Risasi huchemka kwenye nyuzi 1,749, na chuma chetu hakifiki hata robo ya hapo. Moshi ni wa flaksi, na moshi wa utomvu huo ni miongoni mwa visababishi vya pumu ya kazini vinavyofahamika vyema. Anayekohoa kila akikaa mezani asijipe moyo.

Risasi huingia kwa mikono na kinywa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio huathirika zaidi, kwa kuwa huharibu ukuaji wa ubongo. Kwa nyumba ya chumba na sebule hili ni jambo zito. Usishike waya wa lehemu kwa meno, kama wafanyavyo wengi mikono inapojaa. Usile chipsi juu ya meza ya kazi. Nawa kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto, na futa meza kwa kitambaa chenye unyevu, kwa kuwa ufagio hurusha vumbi. Mabaki ya lehemu yawekwe kwenye kopo lenye mfuniko. Kuchoma nyaya na bodi uani ili kupata shaba kunawatia sumu majirani wote.

Ukiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na asali viachwe.

Nani amfundishe nani

Jiji hili halikosi majukwaa ya kuonyesha ubunifu. Young Scientists Tanzania ilianzishwa mwaka 2011 na imewapa wanafunzi wa sekondari nafasi ya kuonyesha kazi zao za kisayansi. Mwaka huohuo kituo cha ubunifu cha Buni Hub kilianza chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Kijitonyama. Viwanja vya Sabasaba, Barabara ya Kilwa, huwa na mabanda ya VETA na vyuo kila Julai. Maonyesho hutuza wazo. Kiungo kinachoshikilia wazo hilo hakikaguliwi, na kifaa kilichoshinda kikirudi nyumbani kwenye gunia, hufika kimekufa.

Ningependa kila shindano la kifaa cha elektroniki liwe na mtihani mmoja rahisi: kifaa kitikiswe, kisha kiwashwe. Ningependa pia klabu za sayansi za sekondari zimwalike fundi wa kibanda wa mtaani kwao awafundishe wanafunzi kung'oa na kurudisha vipuri, na wao wamweleze habari za flaksi, asidi na risasi. Fundi wa Tandika ana mkono ambao wahadhiri wengi hawana. Mwanafunzi ana maelezo ambayo fundi hakupewa na yeyote. Kila upande utoke na kitu.

Kwa wewe unayeanza, mpangilio wa matumizi uwe huu: flaksi na lehemu ya kweli kwanza, chuma chenye kidhibiti cha pili, ncha bapa ya tatu, pampu na utepe wa shaba vya nne. Bloa, darubini na kituo cha bei kubwa visubiri mpaka kazi yenyewe ivilipie. Anza na bodi iliyokufa, na usiguse bodi mpya mpaka viungo vyako vivutike kwa kibano bila kuachia. Vipaji tunavyo, na soko la vipuri liko mwendo wa daladala moja. Tukitawala joto, tukanunua lehemu ya kweli na kusafisha shaba, vifaa vinavyotoka Kinondoni na Temeke vitadumu.